Habari ya bure ina mwenyewe: China, redio na masikio ya Beni

Katika mtaa wa Bungulu, mjini Beni, redio ni chombo cha usalama kabla ya kuwa chombo cha burudani. Tangu Oktoba 2014, mauaji ambayo waasi wa ADF wanashutumiwa kuyafanya yalipoanza, mkaaji anayetaka kujua kama barabara ya Mbau au ya Mangina inapitika leo hangoji gazeti. Anafungua redio. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, redio hizohizo ndizo zilizopambana na uvumi, hadi mtangazaji mmoja wa redio ya jamii aliyekuwa akihamasisha watu juu ya ugonjwa huo akauawa nyumbani kwake Lwemba, wilayani Mambasa, Novemba 2019.

Kwa hiyo swali la nani anajaza masaa ya redio hizo si swali dogo. Nalo limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025. Januari ya mwaka huo, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, pamoja na ile iliyopitia USAID na iliyosaidia miradi mingi ya vyombo vya habari nchini Kongo. Machi, Sauti ya Amerika, VOA, ikanyamazishwa na serikali yake yenyewe, na matangazo yake ya Kiswahili yakatoweka hewani. Redio zilizokuwa zikiyarusha zikabaki na nafasi tupu kwenye ratiba.

Nafasi tupu haikai tupu muda mrefu. Kati ya walio tayari kuijaza, hakuna aliyejiandaa kama China. Ina shirika la habari, televisheni, redio ya Kiswahili yenye umri wa zaidi ya miaka 60, filamu zilizotiwa sauti za Kiswahili, na safari za masomo kwa waandishi. Sehemu kubwa ya hayo inatolewa bure au kwa bei ya chini. Ndiyo maana inafaa kuelewa mfumo huo unafanyaje kazi, ukianzia kwao.

Nyumbani: vyombo vya habari vina jina la ukoo

Tarehe 19 Februari 2016, Rais Xi Jinping alitembelea kwa siku moja gazeti la People's Daily, shirika la habari la Xinhua na televisheni ya taifa CCTV. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: vyombo vinavyoendeshwa na Chama na serikali vinapaswa kubeba jina la ukoo la Chama. Yaani kwanza ni watoto wa Chama cha Kikomunisti, halafu ndipo wanakuwa waandishi.

Hayakuwa maneno tu. Machi 2018, televisheni ya taifa, redio ya taifa na Radio China Kimataifa ziliunganishwa kuwa Shirika Kuu la Utangazaji la China, chini ya uongozi wa Idara ya Uenezi ya Kamati Kuu ya Chama. Idara hiyo ndiyo inayotoa maelekezo juu ya habari gani ikuzwe, gani ipunguzwe na gani isiguswe kabisa.

Wanaokataa wanajua gharama. Januari 2013, waandishi wa gazeti la Southern Weekly la mjini Guangzhou waligoma baada ya tahariri yao ya mwaka mpya, iliyotaka katiba iheshimiwe, kubadilishwa na kugeuzwa kuwa sifa kwa Chama. Mwaka 2020, mwanasheria wa zamani Zhang Zhan alikwenda Wuhan kurekodi hali ya hospitali na mitaa mwanzoni mwa Korona. Alikamatwa Mei, na Desemba akahukumiwa miaka 4 jela. Aliachiliwa Mei 2024, akakamatwa tena miezi michache baadaye. Katika orodha ya mwaka 2025 ya shirika la Waandishi Wasio na Mipaka, RSF, China iko nafasi ya 178 kati ya nchi 180, na shirika hilo linasema ndiyo inayofunga waandishi wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Huo ndio mzizi. Matawi yanayofika Afrika ya Mashariki hayawezi kuwa mti mwingine.

Kutoka Beijing hadi Nairobi

Kiswahili hakikuingia katika mipango hiyo jana. Redio ya Beijing ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, nchi nyingi za eneo hili zilipokuwa zikipata au zikidai uhuru. Wakati huo sauti ilikuja kwa masafa mafupi, na ujumbe ulikuwa wa mapinduzi.

Enzi mpya ilianza mwaka 2006. Januari ya mwaka huo, Radio China Kimataifa ilifungua mjini Nairobi kituo chake cha kwanza cha FM nje ya China, kikitangaza pia kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Xinhua ikahamishia Nairobi ofisi yake kuu ya Afrika, iliyokuwa Paris. Januari 2012, televisheni ya CCTV ikaanzisha hapo kitengo chake cha Afrika, kinachoitwa sasa CGTN Africa, na kuajiri waandishi wengi wa Kenya na wa nchi nyingine za bara. Kabla mwaka haujaisha, gazeti la China Daily likaanza toleo la Afrika.

Kwa raia wa kawaida, lililoingia sebuleni zaidi ni dekoda ya StarTimes. StarTimes ni kampuni binafsi ya Beijing, lakini imekua kwa mikopo ya benki za serikali na kwa kazi inazopewa na serikali. Desemba 2015, katika mkutano wa kilele wa China na Afrika mjini Johannesburg, Xi Jinping aliahidi kupeleka televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, na kuwapa mafunzo watu 1,000 wa fani ya habari. Kazi ya vijiji ikapewa StarTimes. Kenya peke yake ilipangiwa vijiji 800.

Tamthilia nazo zilifanya kazi ambayo hotuba haziwezi. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, kwa sauti za Kiswahili. Machi 2013, Xi alipohutubia Dar es Salaam, aliitaja tamthilia hiyo kama mfano wa urafiki wa raia na raia. Miezi michache baadaye, mwezi wa Agosti, aliwaagiza wakuu wa uenezi nchini mwake kusimulia vizuri hadithi ya China duniani. Kuanzia hapo maneno hayo yamekuwa mwongozo wa kazi.

Hakuna ubaya wowote katika familia ya Bungulu kucheka na mama mkwe wa Kichina. Tatizo linaanza pale anayeleta filamu ndiye anayeleta pia dekoda, taarifa ya habari, mkopo na tikiti ya safari.

Milango mitatu

Ukifuatilia mambo yalivyokwenda katika nchi jirani na za kusini, unaona ushawishi huo ukipitia milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni bomba, yaani mitambo inayosafirisha matangazo. Kenya ilipohama kutoka analojia kwenda dijitali, leseni za kusambaza mawimbi zilipewa shirika la serikali na kampuni moja ya Kichina. Makampuni makubwa matatu ya habari, Nation, Standard na Royal Media, yalidai kuwa na mtambo wao wenyewe, na mvutano ukafika mahakamani. Februari 2015 mitambo ya analojia ilipozimwa, televisheni zao zilikuwa hazionekani kwa karibu wiki 3. Hakuna aliyehitaji kukata neno hata moja la habari. Ilitosha watu kuona kwamba swichi inaweza kuwa mikononi mwa wengine.

Zambia ilikwenda mbali zaidi. Shirika la utangazaji la taifa, ZNBC, liliunda na StarTimes kampuni iitwayo TopStar, ambamo Wachina wana asilimia 60 na Wazambia 40. Kazi ya dijitali iligharimiwa kwa mkopo wa dola karibu milioni 273 kutoka benki ya Exim ya China. Wapinzani na watu wa vyombo vya habari waliuliza swali rahisi ambalo lingefaa kuulizwa kila mahali: shirika la taifa linawezaje kuwa mgeni katika nyumba yake lenyewe?

Mlango wa pili ni yaliyomo. Xinhua inatoa habari na picha kwa magazeti na tovuti ambazo haziwezi kulipia mashirika kama Reuters au AFP. Mhariri mwenye waandishi watatu na moto wa umeme usiotabirika anaona hapo msaada wa kweli. Nyingi ya habari hizo ni sahihi: daraja limefunguliwa, mkutano umefanyika, madaktari wamefika. Kinachokosekana ndicho chenye uzito. Ndani yake mtu hatakuta mgodi wa Kichina uliochafua mto, mfanyakazi aliyedai mshahara, wala kambi za Wauyghur huko Xinjiang. Msomaji hadanganywi; anapunguziwa.

Mlango wa tatu ni hisa. Mwaka 2013, kampuni mbili zenye uhusiano na serikali ya China zilichukua asilimia 20 ya Independent Media, moja ya makampuni makubwa ya magazeti ya Afrika Kusini. Septemba 2018, mwandishi Azad Essa aliandika humo safu kuhusu mateso ya Wauyghur. Muda mfupi baadaye aliambiwa kwamba safu yake imefutwa. Kampuni ilieleza kuwa ilikuwa ikipanga upya kurasa zake. Yeye mwenyewe alisema wazi anaona sababu ni ipi. Asilimia 20 haitoshi kuamuru bodi. Lakini inatosha kumfanya mhariri afikiri mara mbili.

Kongo: habari zilizotugusa zilitoka wapi?

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la Nairobi au Lusaka. Uhusiano wa Kongo na China ni wa migodi. Mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008, shaba na kobalti kwa barabara na hospitali, ulianza ukitajwa kuwa wa dola bilioni 9, ukapunguzwa hadi bilioni 6, na Machi 2024 ukarekebishwa ili miundombinu ifikie bilioni 7. Kati ya hatua hizo, mwananchi alihitaji kujua jambo moja: je, tulipata tulichoahidiwa?

Jibu halikutoka CGTN. Novemba 2021, uchunguzi ulioitwa Congo Hold-up, uliofanywa na vyombo vya habari na mashirika ya nchi mbalimbali kwa kutumia nyaraka milioni 3.5 zilizovuja kutoka benki ya BGFI, ulieleza jinsi kampuni iitwayo Congo Construction Company ilivyopitisha mamilioni ya dola kati ya watu wa mradi huo na watu wa karibu wa rais wa zamani Joseph Kabila. Februari 2023, ukaguzi mkuu wa fedha wa Kongo, IGF, ulisema kwamba miaka 15 baada ya mkataba, miundombinu iliyogharimiwa ilikuwa ya dola milioni 822 tu. Ubalozi wa China mjini Kinshasa ulipinga ripoti hiyo, ukisema imejaa chuki na haiendani na ukweli. Una haki ya kujibu. Lakini kama Wakongo wangetegemea jibu peke yake, wasingejua hata swali.

Karibu zaidi na Beni ni dhahabu. Agosti 2021, gavana wa Kivu Kusini alisimamisha kampuni 6 za Kichina zilizokuwa zikichimba Mwenga, baada ya wakaaji na mashirika ya raia kulalamika kwa muda mrefu juu ya mito na mashamba yaliyoharibiwa. Mwezi uliofuata, mkuu wa idara ya Afrika katika wizara ya mambo ya nje ya China, Wu Peng, alitangaza kwamba kampuni hizo zimeamriwa kuondoka Kivu Kusini, na kwamba China inaunga mkono Kongo kupambana na uchimbaji haramu.

Tukio hilo lina somo la pande mbili. Kwanza, Beijing inasikia: inajali sura yake, na kelele ya mahali ikiwa na ushahidi inafika mbali. Pili, kelele hiyo ilitoka Mwenga, kwa wakulima, mashirika ya raia na waandishi wa mahali waliokubali kuirusha. Kama redio za huko zingekuwa zimekwisha kufungwa mdomo na zawadi, Wu Peng asingekuwa na cha kujibu.

Upande wa Ituri, katika Hifadhi ya Okapi, kampuni ya Kichina ya Kimia Mining imekuwa ikichimba dhahabu mahali paitwapo Muchacha. Hifadhi hiyo ni urithi wa dunia tangu 1996, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya hatari mwaka uliofuata. Kampuni inasema ina vibali halali. Wakaaji wanalalamikia msitu na maji. Nani atakwenda kusikiliza pande zote mbili, kwa gharama ya pikipiki, mafuta na siku tatu barabarani? Hakuna shirika la habari la serikali ya China litakaloifanya kazi hiyo. Na redio ya mahali isiyo na pesa ya mafuta haitaifanya pia.

Si China peke yake, lakini si sawa

Wapo watakaosema kwamba kila mkubwa ana redio yake. Ni kweli. RFI ni ya serikali ya Ufaransa, DW ya Ujerumani, BBC inalipiwa na Waingereza, na hata Radio Okapi ilizaliwa Februari 2002 mikononi mwa Umoja wa Mataifa. Urusi nayo inasukuma yake. VOA imeonyesha kwamba mfadhili anaweza kuzima taa usiku mmoja.

Tofauti ipo katika swali moja: je, chombo hicho kinaweza kumkosoa anayekilipia, na mwandishi akarudi nyumbani kulala? RFI inahoji viongozi wa Ufaransa, BBC imewatoa jasho mawaziri wakuu wa Uingereza. Februari 2021, mamlaka ya utangazaji ya Uingereza, Ofcom, iliifutia CGTN leseni kwa sababu aliyekuwa na leseni hakuwa ndiye mwenye kuamua yaliyomo. Uamuzi ulikuwa juu zaidi, kwa Chama. Wiki moja baadaye China ikaifungia BBC World News.

Wala Kinshasa haiwezi kuinyooshea China kidole bila kujitazama. Mwishoni mwa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, matangazo ya RFI yalikatwa Kongo. Januari 2025, vita vya M23 vilipokaribia Goma, Al Jazeera ilisimamishwa kwa siku 90 baada ya kumhoji kiongozi wa kundi hilo. Katika Kivu Kaskazini na Ituri, chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, mwandishi anapima kila neno. Serikali inayopenda redio zinyamaze haitakuwa na haraka ya kuuliza nani analipia ukimya huo.

Ugonjwa unaojulikana kwa jina

Kongo ina neno lake kwa jambo hili: coupage. Mwandishi anaitwa kwenye mkutano, anapewa bahasha ya usafiri, na habari inatoka ikiwa tamu. Hakuna anayemwambia aandike nini. Anajua mwenyewe, kwani kesho ataitwa tena au hataitwa. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi.

Kinachofanywa na dola kubwa ni coupage ya kiwango cha bara. Bahasha ni dekoda, ni habari za bure, ni miezi 10 mjini Beijing katika kituo cha waandishi wa Afrika kilichofunguliwa mwaka 2014. Wanaorudi hawarudi wakiwa majasusi, na wengi wanajifunza mambo ya kweli. Lakini wanarudi na deni ambalo halikuandikwa popote. Na redio iliyokwisha kuzoea bahasha ndogo ya mwanasiasa wa jimbo haina kinga dhidi ya bahasha kubwa ya Beijing. Anayetaka kuzuia ya pili lazima aanze na ya kwanza.

Kinachowezekana Beni

Hatua zipo, na hazihitaji mamilioni. Redio inayorusha kipindi kilichotengenezwa na shirika la serikali yoyote, iwe ya China, Ufaransa, Urusi au Marekani, inaweza kumwambia msikilizaji mwanzoni na mwishoni: kipindi hiki kimetengenezwa na fulani. Sekunde tano zinatosha. Mkataba wa vifaa au vipindi unaweza kusomwa na kamati nzima ya redio, si na mkurugenzi peke yake, na kifungu chochote kinachozuia habari za kumkosoa mfadhili kikataliwe. Redio za Beni, Butembo, Mangina na Mambasa zinaweza kuchangia pikipiki moja na mwandishi mmoja kwenda migodini, kisha zote kurusha habari hiyohiyo, ili asipatikane mmoja wa kutishwa.

Msikilizaji naye ana sehemu yake. Michango midogo ndiyo iliyozifikisha redio nyingi za jamii hapa zilipo. Raia anayelipia salamu za harusi redioni anaweza kulipia pia lita moja ya mafuta ya mwandishi.

Kazi za China nchini Kongo zitaendelea, na nyingine zinahitajika: barabara, umeme, simu. Hakuna anayepoteza kitu kwa kuzisifu zikistahili. Lakini siku maji ya mto yatakapobadilika rangi upande wa Mambasa, mama wa Bungulu anayenunua samaki kutoka huko atafungua redio kutaka kujua kwa nini. Siku hiyo atapata jibu, au atapata tamthilia. Linaloamua ni mikataba inayotiwa saini sasa, mchana kweupe, katika ofisi ndogo za redio zisizo na pesa.